Nusu ya Kitabu Niliyompa Mama wa Maandazi

Nimekosa. Nalisema mapema ili asiyependa kusoma makosa ya watu apite zake. Jina langu siweki, na majina mengine nimebadilisha. Mwenyewe niliyemkosea akisoma atanijua tu, na pengine ndicho ninachotaka.

Yote yalianza na kabati la vioo. Mume wangu alilinunua, akaliweka sebuleni kwetu hapa Kilakala, Morogoro, akasema, "Mama Nasri, hapo juu panga vitabu. Lakini vya maana, wageni wanaona."

Vitabu vyangu vilikuwa kwenye kiroba chini ya kitanda tangu nimalize kidato cha nne. Nikavimwaga mkekani, mtoto mgongoni, nikaanza kuchagua.

Jamani, kurudia vitabu ulivyovipenda ukiwa na miaka kumi na sita ni balaa! Kimoja nilikuwa nalala nacho kifuani. Sasa nakisoma naona mwanamume wake anahitaji kutafutiwa kazi, si kupendwa. Kingine kiliniliza mpaka bweni zima likaja kunibembeleza. Safari hii nimekisoma huku nachambua dagaa, wala sikutoa chozi. Nikajiona nimekua! Nikajiona nina akili!

Mwishowe nikafika kwenye mkia.

Niwaeleze mkia ni nini. Shule yangu ilikuwa ya bweni, wasichana tele, vitabu vya hadithi vya kuhesabu. Ukisubiri zamu yako unaweza kumaliza shule hujasoma. Kwa hiyo tulikuwa tunachana kitabu katikati: nusu ya kwanza tunaiita kichwa, ya pili mkia, kama samaki. Wawili wanasoma kwa pamoja, halafu wanapokezana.

Mimi nilimaliza kichwa, nikampa Zaituni, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Nikachukua mkia. Nikiumaliza, wake.

Zamu yake haikufika. Alipimwa, akakutwa na mimba, akafungashwa virago siku hiyohiyo. Kichwa kiliondoka naye ndani ya begi. Baba yake, kule Matombo milimani, hakumpokea. Hata uani hakumruhusu kukaa. Akaenda kwa mama yake mdogo Dakawa, na huko ndiko aliko mpaka leo, analima mpunga, amemlea binti yake.

Na kichwa kinaishia wapi? Kinaishia msichana wa kwenye hadithi amerudi kwao na mtoto mgongoni, amesimama nje, anabisha hodi kwa baba yake. Basi! Hatukukusudia kuchana pale. Ndipo uzi ulipokuwa umelegea.

Haya, mimi niko mkekani na mkia mkononi. Nikasoma baba anafungua mlango, anasema maneno, wanalia. Nikacheka. Baba gani huyo wa kulia lia? Nikaruka kurasa. Halafu hauna jalada, hauna mwanzo, wageni watatuonaje? Nikautia kwenye mfuko pamoja na wenzake, nikampelekea mama wa maandazi pale kona afungie wateja.

Kabatini nikapanga vitabu vinene vya uhasibu ambavyo binamu ya mume wangu alimwachia alipomaliza chuo Mzumbe. Vina maandishi ya dhahabu ubavuni. Humu ndani hakuna aliyewahi kuvifungua. Wageni wanavisifia sana!

Hazijapita wiki mbili, simu. Zaituni.

"Mama Nasri, ule mkia unao?"

"Mkia gani?"

"Wa kitabu, wewe! Usiniambie umeutupa, nitakuja kukung'ata."

"Ninao," nikasema. Mdomo huu!

"Basi Jumapili nakuja. Mwanangu kaingia kidato cha kwanza, kichwa nimemsomea mpaka kakikariri. Kila siku ananiuliza, 'Mama, yule babu alifungua?' Namwambia subiri, jibu liko Morogoro."

Nilikimbia kona na kanga moja. "Shikamoo mama. Vile vitabu nilivyokuletea..."

"Marahaba. Vimekwisha, mwanangu. Karatasi zake nzuri, hazipitishi mafuta. Unavyo vingine?"

Vingine!

Jumapili Zaituni akaja. Kaniletea mchele kwenye ndoo. Kichwa kakifunga na nailoni, hakina hata kona iliyokunjika. Akatoa na sindano na uzi. "Lete huo mkia nishone, nimesubiri vya kutosha."

Nikamwambia mchwa wameula. Nikamwonyesha mpaka ukuta walikopandia, ukuta wa watu, mzima kabisa!

Kisha akasema, "Pole, shoga yangu. Vitabu vyako vyote hivyo." Pole napewa mimi! Na nikaipokea.

Akarudisha sindano kwenye pochi. "Lakini wewe uliusoma. Yule baba alifungua?"

"Alifungua." Hilo lilikuwa kweli.

"Akasema nini?"

Sikukumbuka. Nilikuwa nimeruka nikicheka, nimesahau kila neno. Na mwenzangu ananitazama kama anasubiri majibu ya hospitali.

Nikatunga. Nikasema baba alipiga magoti palepale kizingitini, akasema, "Mwanangu, aliyepotea ni mimi. Kila usiku nililala bila kufunga komeo nikikusubiri. Nisamehe." Mimi niliyemcheka baba wa watu kwa kulia, nikatunga wangu analia kuliko yule!

Zaituni akalia. Akaomba kalamu. Akaniambia nirudie polepole, akayaandika nyuma ya ukurasa wa mwisho wa kichwa ili akamsomee binti yake. Nikarudia. Nikaongeza na mengine!

Alipokuwa anaaga akasema, "Mama Nasri, nitapanda Matombo na mwanangu. Miaka yote naogopa hodi ile. Kumbe inawezekana."

Nikamwambia, "Nenda, mwaya." Nikajiona nimefanya jambo jema!

Alipotoka huko akanipigia. Sauti imelegea.

"Ulimkuta mzee?"

"Nilimkuta. Akafungua. Akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, 'Ingieni, mvua inakuja. Ndizi ziko jikoni, mpe huyo ale.'"

"Halafu?"

"Halafu nini? Ndiyo hivyo. Hajapiga goti, hajasema nisamehe, kama nimetoka sokoni. Hajanisamehe huyu, Mama Nasri. Tumelala siku moja, tumerudi zetu. Sipandi tena."

Nilitaka kupiga yowe! Mzee aliyekufukuza amekufungulia mlango, amekwambia ingia, amempa mjukuu wake ndizi, unataka nini tena? Mzee kama yule akisema mpe huyo ale, amemaliza hotuba yote! Lakini anampima na baba wa kwenye kitabu, na baba wa kwenye kitabu ni mimi. Nikimwambia ukweli wa baba yake, lazima nimwambie na wangu.

Nikasema, "Pole, shoga yangu." Nikakata simu.

Nina hasira. Namkasirikia mume wangu na kabati lake, wageni na macho yao, mama wa maandazi ambaye hana kosa lolote. Nikimaliza wote nabaki mimi.

Sasa nyinyi mnaosafisha nyumba, mnaokaa mkekani mkijiona mmekua kuliko vitabu vyenu, nisikilizeni. Kitabu kinaweza kuwa kimekwisha kwako, kumbe kuna mtu hajakifikia. Muulize kwanza. Na kama umeshakigawa, sema nimekigawa, utukanwe, yaishe. Ukiulizwa baba alisema nini, na hukumbuki, sema sikumbuki. Ni neno moja tu. Mimi lilinishinda, na sasa kuna mzee Matombo amefungua mlango wake bure.