Mkono wa Mshona Kofia

Yule mtu hakuwa tabibu. Nalisema hili mwanzo kabisa, maana mpaka leo wapo watu ambao tukikutana madukani Ibra humtaja kwa heshima, "tabibu, Mungu amrehemu," na mie hunyamaza kwa kuwa keshakufa, si kwa sababu nyingine. Kule Tanga alikuwa dresa. Kazi yake ilikuwa kusafisha vidonda na kubadilisha bandeji wodini. Ni kazi ya halali, na nasikia aliifanya vizuri. Alipofika Oman, miaka ya mwanzo ya tisini, zile bandeji zikageuka udaktari wa mifupa.

Mie ndiye niliyekuwa daktari wa pekee wa kituo cha afya, katika mji mdogo kupita Ibra, pale nyumba zinapokwisha na mchanga unapoanza. Nimezaliwa Unguja, nimesomea Cairo, na Kiarabu changu cha vitabuni kiliwachekesha wazee wa Kibedui. Mashine ya eksirei hatukuwa nayo. Mtu akivunjika nilimfunga banzi la kuushikilia mfupa kwa muda, nikamwandikia barua ya kwenda Ibra. Yule dresa hakuandika barua. Alikwenda nyumbani kwa watu, akavua viatu, akauliza habari za watoto mmoja mmoja, akanywa kahawa, ndipo akaugusa mfupa. Alifunga kwa vijiti vya kuti la mtende, unga, ute wa yai na kitambaa. Mifupa mingine iliunga, kwa sababu mfupa ukitulizwa huunga wenyewe, na sifa akazichukua yeye. Ukumbi wangu ukaanza kupungua watu. Nikawa nacheka. Nilimwambia mume wangu, "Waache, watarudi wenyewe." Kicheko kile kinanikera kuliko mengi niliyoyafanya maishani.

Jirani yetu mmoja alikuwa mjane wa makamo, mtu wa Unguja kama mamangu, na alishona kofia kwa mkono. Mshono wake ulikuwa mdogo na sawasawa mpaka watu wa Sur na Nizwa walimwagizia. Jumamosi moja asubuhi aliteleza ngazini na beseni la nguo, akauangukia mkono wa kulia. Akaja kituoni kakishika kifundo kwa mkono wa pili, uso umempauka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeumia."

Ukumbi siku ile ulikuwa umejaa homa za watoto. Nilimfunga banzi, nikamwandikia barua, nikamwambia huku naandika, "Umevunjika. Lazima ufike Ibra leo wakakupige picha."

"Leo nitakwenda na nani? Kijana wangu yuko Maskati, haji mpaka Jumatano jioni."

"Tafuta jirani mwenye gari, mama. Mfupa haungoji Jumatano."

Gari la wagonjwa lilikuwa nje, kivulini. Tuliamriwa litumike kwa mtu aliye hatarini tu, na mie nikatii. Akainuka, akashukuru, akaenda zake. Nikamwita mgonjwa mwingine.

Adhuhuri ile ile shoga yake alimletea yule dresa nyumbani. Haya nilihadithiwa na yule mama mwenyewe baadaye. Dresa aliketi mkekani, akamsikiliza tangu ngazi mpaka beseni, kisha akalifungua banzi langu. "Hili halishiki kitu," akamwambia. Akauvuta mkono, akaukaza kwa vijiti na vitambaa, akampa sharti la kutoufungua kwa siku saba. Siku ya pili yule mama akampelekea habari kwamba vidole vimekufa ganzi. Akajibu kwamba ganzi ni dalili ya mfupa kuunga.

Mtu aliyewahi kufanya kazi wodini! Kila dresa anajua kidole kikifa ganzi chini ya bandeji, bandeji inakatwa pale pale. Alilijua hilo kabla hajafika Oman. Kwa hivyo mtu akiniambia kwamba maskini hakusoma, sina subira naye.

Jumatano jioni kijana wake alifika, akaona vidole vyeusi, akamleta moja kwa moja nyumbani kwangu. Harufu ilitangulia kuingia. Nilikata vitambaa kwa mkasi wa jikoni, maana ndio uliokuwa karibu, na mkono uliotoka ndani haukuwa tena mkono wa mtu aliye hai. Yule mama hakulia. Alinitazama akauliza, "Ndo unaunga huu?"

Mume wangu akawasha gari tukaenda Ibra, na kutoka Ibra akapelekwa Maskati. Wakamkata juu ya kifundo.

Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua kituo, nilikwenda kwa yule mtu. Sebuleni kwake walikuwapo wanawake wanne wakisubiri, mmoja kambeba mtoto aliyevimba bega. Akaniinukia kwa adabu zote.

"Karibu, daktari. Leta kahawa," akamwita mkewe.

"Umemkata mwanamke mkono," nikasema.

"Mimi nilimfunga tu. Kuoza ni amri ya Mungu."

"Mungu hakukaza vile vitambaa! Alikuletea habari ya ganzi, ukamwambia nini?"

Akawageukia wanawake, akatabasamu kidogo, kama mtu anayewaombea radhi wageni. "Daktari kachoka. Kazi zao nyingi."

Kapu lake lilikuwa karibu na mlango, limejaa vijiti na vitambaa. Nikalibeba, nikalimwaga barabarani, nikavikanyaga vijiti vyote mpaka vikavunjika. Nilikuwa nalia na kutukana, na nilitukana kwa Kiswahili, matusi ambayo sikujua kuwa nayajua. Kisha nikamchukua mwenye mtoto wa bega, nikawatia garini mwangu.

Walioitwa kujieleza hawakuwa wawili. Niliitwa mie tu. Sheikh wa mtaa alitukusanya katika sabla, ukumbi ule wanapokaa wanaume kwa kahawa na mashauri, mume wangu kando yangu, yule dresa mbele yetu na kanzu nyeupe inayonukia udi.

"Doktora," sheikh akasema kwa upole, "umeingia nyumba ya mtu ukavunja vitu vyake mbele ya wanawake."

"Na mkono wa yule mama, sheikh?"

"Watu wake wamesema ni kadari. Hawadai kitu."

Kijana wa yule mama alikuwapo. Aliinamisha kichwa. Mume wangu akanibonyeza goti, nami nikatamka neno la kuomba radhi, nikanywa kahawa yao. Mpaka leo najuta kwa kahawa ile, si kwa lile kapu.

Niliandika barua kwa wakubwa zangu, nikaandika tena, na tena. Mwishowe walikuja watu wawili wakamwonya. Akahamia upande wa Samail, akaendelea kule kule kupaka watu asali na kuwafunga mifupa. Alipokufa, baada ya miaka kumi na kitu, walikwenda mazikoni watu wa mji mzima. Mume wangu alikwenda. Mie sikwenda.

Mie nilianza kulituma gari la wagonjwa kwa kila aliyevunjika, awe hatarini asiwe. Nilipata barua mbili za onyo, nikatia sahihi kwamba nimezipokea, nikaendelea kulituma.

Yule mama akaja kupimwa presha kila mwezi. Mara ya kwanza alisita mlangoni, kisha akanyoosha mkono. "Nisamehe, mwanangu, nakupa shoto." Nikaushika kwa mikono yangu yote miwili. Akaniambia kwamba nyumbani hali chakula mbele za watu, anaona haya kula kwa kushoto, hungoja wote waondoke.

Siku hiyo nilimuuliza kwa nini alimwachia yule mtu alifungue banzi langu.

"Yeye alikaa na mie," akasema. "Wewe ulikuwa unaandika."

Ni kweli, nilikuwa naandika. Nimeikubali sehemu yangu, na nimeibeba. Lakini wapo wanaoipenda sana hadithi hii kwa neno hilo moja, wakanigeukia na kunifundisha kwamba daktari anapaswa kuwa mpole. Mpole alikuwa yeye. Alikuwa mpole tangu mlangoni mpaka kahawa, na kwa upole huo huo akamwambia mwanamke ambaye mkono wake unakufa asubiri siku saba.