Majivu ya Yanonge

Siku ya kwanza kazini, Papa Patron alitia chumvi ndani ya glasi ya maji, akakoroga. Nikataka kuonja.

"Ngoja! Angalia chini kwanza."

Chini palikuwa na mchanga.

"Bon. Ile njo chumvi waliniuzia. Macho yako iko muzuri, utabaki."

Papa Patron alikuwa Mwislamu wa familia za wafanyabiashara wa zamani, hapa Kisangani. Alipika sabuni ya mawese nyuma ya nyumba yake. Uhuru ulikuwa mpya. Nilianza kwa kuosha vibao vya kumiminia sabuni, nikapandishwa kwenye pipa la kupikia, mwisho nikapewa majivu. Maana soude, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ilipotea dukani. Tukachuja maji kwenye majivu, tukaweka yai ndani: likielea, maji yana nguvu. Majivu machafu, sabuni inakataa kushika.

Yetu yalitoka Yanonge, kwa Yaya Maria, dada yangu mkubwa. Alichoma vichala vikavu vya michikichi, akachekecha majivu kwa kitambaa, akarudia tena. Hakuna mwingine aliyejisumbua hivyo. Alikuja mwenyewe na mtumbwi, Papa Patron akamtania:

"Mama Maria, hii iko majivu ao unga? Nitapika fufu!"

"Pika, papa. Mama wa nyumba ataona povu inakutoka mudomo."

Kisha uasi. Mto ukafungwa, risasi zikasikika upande wa Kapalata. Yaya hakuja tena. Watu walisema amekufa, nikawafukuza mlangoni.

Siku moja mvuvi alishusha kikapu cha majivu. Amepewa na mtu, naye amepewa na mtu mwingine. Niliingiza mkono. Laini, bila punje hata moja ya mchanga.

"Yaya iko muzima," nikasema.

Papa Patron hakutania siku ile. Alichuja maji, akaleta yai, likaelea, akafuta macho.

Vikapu vikaendelea kuja, bila neno. Nami nilirudisha sabuni kwa njia ileile.

Kisha kikaja chenye mchanga; haikuwa kazi ya mkono wa Yaya.

"Tutatupa, binti yangu," Papa Patron akasema polepole.

"Hapana, papa."

Nilichekecha chote, kwa kitambaa, nikarudia tena, kama yeye.

Sasa nimeacha kazi. Wajukuu wanafanya majaribio yao ya shule mezani kwangu, chumvi, siki, bikaboneti. Nawaambia: angalieni chini ya glasi kwanza, mengine baadaye. Wanacheka, lakini wanaangalia.

Sokoni, nikiona majivu, mkono unaingia wenyewe. Wauzaji wanagomba na mimi bibi kizee: "Koko, unatafuta nini mule?"

Natafuta mchanga, nawajibu. Kila mara naupata.