Jina la Kumi na Nne

Mwaka 2001, pale Tunduma, kila asubuhi kuna mtu alikuwa akiita jina langu la kweli. Na kila asubuhi niliuchuna.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nauza maandazi kwa beseni karibu na mpaka.

Mtaani nilijulikana kama Jenista, mtoto wa dada yake Mama Tabita wa Mlowo. Uongo mtupu. Mimi ni Feza, mtoto wa Moba, Kongo. Vita ilinikuta darasani. Tuliruka madirishani, kila mtu na njia yake. Mimi nikatokea Zambia, kisha Tunduma, Mama Tabita akaniokota stendi.

Aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, ukijulikana, uhamiaji watakubeba, na mimi nitafungwa."

Basi nikafunga mdomo.

Halafu akaja Mwalimu Kalenga. Mwalimu wangu yuleyule wa Moba. Kanisa lilimpa stoo ya nyuma afundishe watoto wa wachuuzi. Kila asubuhi kabla ya somo alifungua daftari lililoungua pembeni, akaita majina thelathini na moja ya darasa letu la zamani.

Hakuna aliyejibu. Watoto wa Tunduma walicheka, wakasema mzee kachanganyikiwa.

Yeye akimaliza anaomba Mungu awalinde wale watoto popote walipo, wasiache shule. Kisha anaanza hesabu.

Mimi nasimama dirishani, kitenge kimefunika uso, nafuata hesabu kwa macho. Jina langu lilikuwa la kumi na nne. Nikilisikia sihisi furaha wala uchungu. Nilikuwa nimekufa ganzi.

Miezi ikaenda hivyo.

Ijumaa moja akasema kesho yake anahamia kambini Kigoma, kwa hiyo anaita kwa mara ya mwisho.

Akafika la kumi na nne.

"Feza Monga."

Mdomo ukafunguka wenyewe. "Niko, Mwalimu."

Darasa zima likageuka. Nikajua hapo nimeshamfungisha Mama Tabita.

Mwalimu hakuinua hata kichwa. Akaweka alama, akaendelea mpaka jina la mwisho. Watoto wakacheka, wakidhani namtania mzee.

Walipotoka akanionyesha daftari. Mistari thelathini ilikuwa sifuri tupu. Wangu ulikuwa na vema kila siku, tangu asubuhi ya kwanza niliposimama dirishani.

"Mwalimu, ulinijua?"

"Siku ileile ya kwanza, kabla hata sijafungua daftari. Ningeita jina lako peke yake ningekuuza, mwanangu. Ndiyo maana niliwaita wote."

Jioni alikwenda kuongea na Mama Tabita. Jumatatu nikaingia darasa la nne katika shule ya msingi ya pale mtaani, kama Jenista.

Mama Tabita tulimzika mwaka jana, ndiyo maana leo nasema. Sasa mimi ni mwalimu, nafundisha huku Nanyala. Daftari lile Mwalimu aliniachia, ninalo hadi leo. Wale thelathini sijawahi kusikia habari zao, na machozi bado hayajaja.

Ila walimu wenzangu mnaosoma hapa, mkiita jina pakawa kimya, msikimbilie kuandika sifuri. Angalieni dirishani kwanza.