Fungua Tatu Zote

Nilirudi kutoka Doha na masanduku yangu na diploma ya mitambo ya simu, niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, jioni baada ya kazi, wenzangu wakicheza karata. Imetundikwa sebuleni kwangu Tudor, Mombasa, mkabala na mlango, mgeni asipate tabu kuitafuta. Kwa hiyo kituo kimoja cha simu cha Mji wa Kale kilipotaka kupangwa upya, nilikabidhiwa mimi. Kilikuwa cha kwanza kukisimamia peke yangu.

Kituo chenyewe, ambacho mtaani hukiita busta, kilikuwa juu ya paa la bibi mmoja mjane. Ilikuwa Ramadhani. Sijamaliza hata sabalkheri, bibi akaniwekea sharti.

"Binti yangu yuko Maskati. Hunipigia kila magharibi nikishafungua kinywa. Leo asiponipata, huo mdude wenu ushuke kwenye paa langu, na hiyo diploma yako ishuke nao."

"Bibi, umempata mwenyewe," nikamwambia.

Kazi ni hivi. Kituo kina pande tatu. Kabla ya kugusa antena, kila upande sharti ufungwe kwenye kompyuta, usipitishe simu. Ukimaliza, unaufungua. Mimi nilipanda juu. Mwenzangu, Mkristo wa bara, alibaki mlangoni na kompyuta. Na kwa kuwa kituo kikifungwa simu hazishiki pale, sisi mafundi wa simu tukawa tunaitana kwa kelele.

"Funga!"

"Nimefunga!" akajibu kutoka chini.

"Mashaallah!" nikamsikia bibi. "Hata huyu wa bara amefunga! Na nyinyi vijana wa hapa mwajificha ufukweni Mama Ngina mkila mihogo!"

Nilibadilisha antena, nikainamisha ile ya upande wa bandari, nikampa mwenzangu jina jipya la kituo na kiwango cha nguvu ayaingize. Harufu ya sambusa ilikuwa imenifikia huko juu na jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nikakaza skrubu ya mwisho.

"Fungua!" nikapaza sauti. Nina sauti nzuri, hata Doha walinisifu.

"Nifungue zote?"

"Zote! Anza na moja, kisha ya pili! Tatu zote!"

Nikasikia sahani zikigongana chini. Nikachungulia. Barazani bibi na majirani zake walikuwa wanatafuna tende kwa raha, tatu tatu, kama ilivyo sunna. Sauti ilitoka juu, upande wa msikiti, wangedhani nini? Ndipo muadhini wa kweli akaanza kuadhini.

Taya zikasimama.

"Na yule wa kwanza alikuwa nani?" bibi akauliza.

Vidole vyote vikanielekea. Mwenzangu naye akanyoosha chake, msaliti.

"Wewe wa Doha! Ndoo hapa chini!"

Nikashuka. "Bibi, nilikuwa nafungua mnara."

"Kwani mnara ulifunga?"

"Ndiyo, tangu asubuhi."

Jirani mmoja akaangua kicheko, kokwa ya tende ikamruka mdomoni. Bibi hakucheka. "Saumu ya watu wazima umeitia jaani! Huo mdude ushu..."

Simu yake ikalia. Maskati. Alipomweleza binti yake, kicheko kilitoka kwenye simu hadi baraza nzima ikakisikia.

"Sauti yaja safi, bibi, au vipi?" nikauliza kwa adabu.

Akaniangalia. "Yaja safi," akakiri. "Haya, mdude ubaki. Lakini siku hii twailipa sote, na wewe utafunga nasi, hata kama hukula."

Baada ya Idi tukailipa. Magharibi ilipokaribia nikakaa barazani, sahani ya tende mbele yangu. Bibi akasimama mlangoni, akapaza sauti: "Fungua! Tatu zote!"

Sikuigusa hata moja mpaka nilipomsikia muadhini kwa masikio yangu mwenyewe. Simu ya bibi ikalia palepale, sauti safi kabisa. Maskati walitaka kujua kama nimekula.