Mpishi wa Jitra anayezima feni kabla ya adhana

Saa kumi jioni mvua imekatika Jitra, mji wa jimbo la Kedah, na Saodah Hamid ametumbukiza mikono hadi viwikoni ndani ya beseni la kuku. Anavigeuza vipande kwenye mchaichai uliopondwa, tangawizi, binzari na pilipili. Haonji. Leo ni siku ya kwanza ya Ramadhani.

“Letchu! Njoo uniazime ulimi,” anaita.

Letchumi, keshia wa mgahawa, ni Mhindu, na mwezi huu ndiye mwonjaji. Anachukua kipande cha majaribio kilichokwisha kukaangwa, anakwenda kukila nyuma ya friji asimtamanishe mtu, kisha anarudi anafuta midomo.

“Chumvi?”

“Ipo.”

“Ipo vipi?”

“Ipo kama mshahara, Mak Teh. Ukiionja tu, imeisha.”

Saodah anacheka na kuongeza kijiko.

Ana miaka hamsini na sita. Mji mzima humwita Mak Teh, yaani shangazi, isipokuwa waliomzidi umri. Alikuwa akifunga glavu kwenye maboksi kiwandani, mpaka mumewe, dereva wa mashine ya kuvuna mpunga, alipoumia mgongo. Akaja hapa Seri Ayam kufuta meza. Siku moja mpishi hakutokea, akashika koleo la kukaangia, na hajaliachia mpaka leo. Mikono yake ina madoa ya mafuta ya moto. Kwa ringgit elfu moja na mia tisa kwa mwezi anamlisha mume na kumsomesha binti uuguzi.

Ukimuuliza kazi yake ni nini, hasemi kukaanga.

“Ile alama ya halali pale mlangoni, mtu akiiona anakaa anakula bila kuuliza neno. Ameniamini. Sasa kama yeye haulizi, si lazima mimi nijiulize?”

Jioni hii ana sababu ya kujiuliza mara mbili.

Kwa miaka mingi Seri Ayam ilikuwa na desturi yake ya kufuturu. Watu walijaa kabla ya magharibi, baba, mama, watoto, bibi, kila mmoja na sahani mbele yake: vipande viwili vya kuku, wali, kachumbari ya kabichi na glasi ya sharubati ya waridi yenye maziwa. Hakuna aliyegusa kitu. Wakati ukifika, Saodah alitoka jikoni na koleo mkononi, akasema, “Bismillahi, kuleni!” Hapo ndipo ukumbi mzima ulipoanza kutafuna.

Mwaka jana, mwenye mgahawa, Zulhilmi, akanunua televisheni kubwa, akaitundika ukutani. Siku ya kwanza ya mfungo ilitoa adhana tamu. Saodah akatoka na koleo lake, akatamka maneno yake, watu wakala.

Ilikuwa adhana ya Kuala Lumpur, mji mkuu.

Kule jua huzama mapema kuliko huku Kedah. Maandishi ya kusema hivyo yalikuwa chini ya kioo, madogo, na feni ya kutoa moshi jikoni ilikuwa ikinguruma kama trekta. Msikiti uko ng’ambo ya barabara tu, lakini hakuna ambaye angeusikia. Mteja mmoja alipofungua mlango kutoka nje, adhana ya Jitra ikaingia. Ilikuta mifupa sahanini.

“Ukumbi uliganda,” anakumbuka Letchumi. “Wote wakamtazama Pak Lang.”

Pak Lang Deraman ni mzee aliyestaafu kinu cha mpunga. Sifa yake kubwa mjini ilikuwa kwamba tangu utotoni hajawahi kudaiwa hata siku moja ya swaumu, na sifa hiyo hakuachia watu wengine waieneze. Alikuwa na paja mdomoni. Akalitoa taratibu, akaliweka sahanini.

“Mwaka wa mafuriko nilifunga juu ya paa,” akasema. “Mwaka wa homa nilifunga kitandani. Leo nimefunguzwa na kuku.”

Akatoka. Hakurudi tena.

Waliokula siku hiyo wote ilibidi wailipe baada ya Idi. Wengi walilichukulia kama mzaha. Sokoni kuku wa Saodah wakabatizwa “kuku wa Kuala Lumpur”. Lakini mzaha nao una meno. Siku zilizobaki za mwezi ule watu walinunua kuku, wakafungashiwa, wakaenda kufuturu kwao. Viti vikabaki vitupu.

Saodah alipeleka kuku nyumbani kwa Pak Lang kuomba radhi. Mkewe alitoka kumpokea.

“Kuku aliingia ndani,” anasema Saodah. “Mimi nikabaki nje.”

Sasa Zulhilmi amechoka. Ukumbi una kodi yake, na wateja wa dirishani, wanaochukua kuku na kwenda zao, hawahitaji viti. Amepata mtu wa Alor Setar wa kununua meza zote. Leo ndiyo mtihani: ukumbi usipojaa, mnunuzi anakuja kesho na lori, na Seri Ayam inakuwa dirisha la kuuzia tu.

“Mak Teh, sikufukuzi,” anamwambia huku akipanga tende sahanini. “Kazi yako ipo palepale.”

“Najua ipo, Hilmi. Lakini nitakuwa namkaangia nani? Mifuko?”

“Mifuko inalipa.”

“Mifuko haisemi ‘kuku mtamu’.”

Zulhilmi anavuta sahani nyingine ya tende. Televisheni yake imefunikwa kitambaa cha meza.

Dawa aliyoipata Saodah ni rahisi kuisema: kabla ya magharibi anazima gesi, anazima feni, anafungua milango yote, ukumbi usikie msikiti wenyewe. Ugumu uko kwa kuku. Kuku wa kukaanga hapendi kusubiri. Akikaa kidogo tu, ngozi inalegea. Mwezi mzima wa Shaabani amekuwa akijaribu. Alimfunika, akatoka jasho. Alimweka kwenye oveni, akakauka kama kuni. Mwishowe akaanza kumkaanga mara mbili, akimpumzisha katikati, kisha anamtandaza juu ya nyavu za waya, wazi, hewa ipite chini.

“Na majaribio yote yamepitia tumboni mwangu,” Letchumi analalamika. “Asubuhi naamka nasikia kuwika, sijui ni jogoo wa jirani au ni mimi.”

Saa moja kamili, jua likiwa bado halijazama, ukumbi una familia moja na mwalimu mmoja wa chuoni. Zulhilmi anaitazama simu. Saodah anatia mzunguko wa mwisho kwenye mafuta, bila kugeuka.

Wanaingia akina mama watatu wa duka la vitambaa. “Leo tunafuturu saa za wapi, Mak Teh?” mmoja anauliza. “Tujue, tusije tukafuturu za Makka.”

“Kaa hapo, mdomo wako ndio utakaowahi kufunguka kuliko ya wenzako,” anajibu Saodah kutoka jikoni, na ukumbi unacheka.

Pengine kicheko hicho kinasikika barabarani, maana wanazidi kuja. Lakini meza ya karibu na mlango, alipokuwa akikaa Pak Lang, Saodah amewazuia wote wasiikalie. Ameweka tende na maji, basi.

Kumebaki kitambo kidogo wakati mzee anapotokea mlangoni na kofia yake nyeusi. Anaitazama meza. Anautazama ukumbi.

“Sikuja kula,” anatangaza. “Nimekuja kusikiliza.”

“Kusikiliza hatutozi, Pak Lang,” anasema Letchumi. “Karibu.”

Anakaa, mikono kifuani. Hata hivyo Letchumi anamwekea sahani, na hakuna anayemwona akiisukuma.

Kisha Saodah anazima gesi. Mafuta yanalia, yananong’ona, yananyamaza. Anazima feni. Ghafla Seri Ayam inasikika kama nyumba ya mtu: kiti kinasogea, mtoto anauliza “bado?”, maji ya mvua yanadondoka kutoka kwenye paa la nje.

Adhana inaingia kupitia mlangoni.

Hakuna anayeinua mkono. Tende ziko mbele yao, na wote, hata mwalimu aliyehamia mjini mwaka huu, wanamtazama mzee.

Pak Lang anainuka. Anatoka hadi barazani, anatega sikio upande wa msikiti, anaangalia mbingu. Anarudi bila haraka yoyote. Saodah yuko kwenye mlango wa jikoni, koleo limening’inia. Alikuwa ameapa hatatamka tena yale maneno.

“Odah,” anasema Pak Lang, “watu wana njaa. Unangoja nini?”

Saodah anainua koleo.

“Bismillahi. Kuleni.”

Ngozi za kuku zinaanza kuvunjika meza hadi meza, na kwa kuwa feni imezimwa, kila mtu anausikia mlio huo. Saodah amekaa miaka yote jikoni asiusikie. Anasimama palepale mpaka Letchumi anampelekea tende yake.

Simu ya Zulhilmi inaita. Ni mtu wa Alor Setar, anataka kujua kesho alete lori saa ngapi. Zulhilmi anaangalia ukumbi. Meza mbili tu ndizo hazina watu.

“Njoo saa ya kufuturu,” anamwambia. “Ila njoo mapema, usije ukakosa pa kukaa.”

Pak Lang amemaliza paja, sasa yuko kwenye mbawa. Anamwita Saodah kwa kidole.

“Mwaka jana ngozi ilikuwa kavu zaidi.”

“Mwaka jana ulikula kabla ya wakati, Pak Lang.”

Mzee anatafuna, anafikiri, anakubali kwa kichwa. Saodah anachukua kipande kimoja, anakibonyeza kwa kidole gumba karibu na mfupa, anakiinua kwenye mwanga wa taa.

“Ni kweli, hapa imelegea,” anasema. “Si kitu. Nina mwezi mzima wa kuirekebisha.”