Ukurasa Mmoja, Vifungo Vitatu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Mlango wa karakana ya sare za shule umerudishiwa tu, na ukisimama nje utasikia mtu anasoma kwa sauti.

Ndani kuna mwanamke mmoja, amekaa nyuma ya mashine ya pili, miwani puani, simu ameiegemeza kwenye kopo la chaki. Mkononi ana kitabu kilichopoteza jalada siku nyingi. Anasoma bila haraka, na kila akifika mwisho wa ukurasa anaufunua karibu kabisa na simu, mpaka karatasi iguse kioo.

"Lazima asikie karatasi," anasema akishamaliza na kutuma. "Yule mama asiposikia karatasi, haamini."

Hapa karakanani anaitwa Redio. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, na sijui kama kuna mahali pengine linatumika. Ana miaka hamsini na mbili, na ishirini na sita kati ya hiyo ameipitisha kwenye kiti hiki hiki. Kwa siku anashona mashati kumi na manne, analipwa kwa shati. Kuna mafundi wenye kasi kumshinda, na mwenyewe hana kinyongo na hilo.

Mezani kwake kuna vitabu vingine vitano vya mfululizo ule ule. Ukiongeza cha mkononi ni sita. Cha saba, ambacho ndicho cha mwisho, usikitafute mezani. Kipo sakafuni, chini ya mguu wa mashine ya tatu iliyokuwa inacheza.

"Angalau pale kina faida," anasema Redio, na uso wake hauonyeshi utani hata kidogo.

Kisa cha kitabu hicho kinaanza na mwenye karakana wa zamani, mzee aliyekuwa na hofu moja kubwa maishani, kwamba mota za mashine zake zingeungua. Kila siku saa nane mchana alizima umeme mwenyewe, na mashine zote zikakaa kimya kwa saa nzima zipoe. Mafundi saba, wote wanawake, waliitumia saa hiyo kwa kazi ya mkono, yaani kupiga vifungo. Shati moja vifungo saba.

"Kimya chake kilikuwa kinatutisha," anakumbuka. "Unazoea kelele asubuhi yote, halafu ghafla unasikia mpaka mwenzako anavyomeza mate."

Siku moja Redio alikuja na kitabu alichokiokota kwa muuza vitabu vikuukuu pale kona. Aliambiwa asome, akasoma kurasa kumi. Saa ilipokwisha na umeme ukarudi, hakuna aliyekanyaga pedali. Ilibidi mzee atoke ofisini kuuliza kama kuna msiba.

Kwa namna fulani ulikuwepo. Mwanamume wa hadithi ile alikuwa amekufa miaka arobaini kabla ya ukurasa wa kwanza. Alikuwa dereva wa treni, akafa kwenye ajali, na roho yake ikawa inashuka stesheni kila mvua inaponyesha. Pale stesheni kulikuwa na binti mkata tiketi. Walipendana. Mvua ikikatika, anatoweka katikati ya neno.

Mafundi walimwita Marehemu. "Marehemu kaja leo?" ndiyo iliyokuwa salamu ya saa nane. Aliyekosa kazi kwa homa, kesho yake aliulizia kwanza Marehemu, ndipo akaulizia mshahara.

Palikuwa na utaratibu, na haukuwa na mjadala. Redio anasoma, hashiki sindano, na wenzake wanagawana vifungo vyake. Yeye naye haruhusiwi kuchungulia mbele hata mstari mmoja, kitabu kinalala kabatini na ufunguo anakaa nao mwingine.

Aliyekaa na ufunguo ni fundi wa mashine ya tatu, mkubwa wao kwa umri, ambaye wote walimwita Shangazi ingawa hakuwa na mpwa hata mmoja mle ndani. Shangazi alikuwa mkali wa kazi na mlaini wa hadithi. Mwishoni mwa kitabu cha kwanza, Marehemu anatoweka na kifungo cha koti lake kinabaki kwenye kiganja cha binti. "Nitakirudia," anamwambia. Shangazi aliweka shati chini akalia waziwazi, kamasi zikamtoka.

"Mwanamume gani anaacha kifungo?" alisema akijifuta. "Huyu atarudi. Kitambaa kinadai."

Basi wakasubiri. Vitabu vilitoka kimoja kimoja, kwa miaka kumi na mitatu, na katika kila kimoja kile kifungo kilikuwepo, mara kwenye kijaluba, mara shingoni kwenye uzi. Cha sita kiliishia binti akiwa amesimama kwenye reli, mawingu yametanda, kifungo mkononi.

Halafu mwandishi akanyamaza miaka minane.

Katika miaka hiyo minane mambo yalibadilika. Mzee mwenye karakana alifariki, na mwanawe akaleta mashine mpya zisizohitaji kupoa. Vifungo sasa vinapigwa na mashine ya kona, shati zima kwa dakika moja. Wa zamani wameondoka mmoja mmoja, wengine wameolewa mbali, wengine migongo imewagomea. Waliobaki kila mtu ana waya zake masikioni. Redio akabaki na jina bila kazi.

Shangazi yeye alipatwa na presha ya macho. Alianza kuona ukungu pembeni, ukungu ukasogea kati, na mwisho akaacha kutunga uzi kwenye sindano. Karakana ilimpelekea nyumbani kwake vifurushi vya mashati ambayo mashine ya kona iliyaruka vifungo, chumba kimoja nyuma ya duka la vyuma, akawa anavipiga kwa kupapasa. Havikuwa na kasoro. Redio alimtembelea kila Jumamosi mchana, kumtungia sindano hamsini za kumtosha wiki nzima.

Mwaka huu, mambo mawili yakagongana. Mtoto wa kiume wa Shangazi alipiga simu kwamba mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mama yake akaishi naye, safari ya siku mbili kwa basi. Na wiki hiyo hiyo muuza vitabu wa kona alimwita Redio kwa kupunga kitabu hewani. Cha saba kimetoka!

"Nilikimbia, mimi na mwili huu," anasema. "Zilibaki Jumamosi tatu. Nikajiambia, huyu mama ataondoka na Marehemu wake mkononi. Sina kingine cha kumpa."

Jumamosi ya kwanza Shangazi alikishika kitabu, akakipima kwenye kiganja.

"Mbona chembamba?"

"Herufi ndogo, Shangazi."

Ulikuwa uongo. Herufi zilikuwa kubwa kama za kitabu cha chekechea, na kurasa mia na kumi na mbili tu. Ila kwa kuheshimu sheria hakuchungulia mbele. Jumamosi mbili walijikongoja na maelezo ya stesheni na hali ya hewa. Shangazi alipiga vifungo, akisema labda mwandishi anavuta pumzi.

Jumamosi ya tatu, ukurasa wa sitini na moja, Redio alikatiza sentensi katikati. Akakohoa. Akaomba maji.

Pale kitabuni iliandikwa kwamba Marehemu hakufa. Hakuwahi kufa. Siku ya ajali treni iliendeshwa na pacha wake, na yeye aligongwa kichwa akapoteza kumbukumbu, akawa anaishi kijiji cha jirani. Mvua ilikuwa ni bahati tu. Miaka arobaini ikawa "ni makosa ya gazeti la zamani."

"Niliusoma mstari ule mara mbili kwa macho," anasema. "Namtazama yule mama, kainamisha kichwa anapapasa tundu la kifungo, uso umetulia kama mtoto anayesubiri kulishwa. Ningemsomea hayo?"

Hakumsomea. Alikazia macho ukurasa ule ule na kuanza kutunga. Akaleta mvua. Akaleta treni. Akamshusha Marehemu na koti lake lenye nafasi wazi kifuani, na binti akamwendea polepole kwenye jukwaa la stesheni. Shangazi, anasema, alikuwa anatabasamu.

"Redio," Shangazi akasema.

"Abee, Shangazi."

"Nimepiga vifungo kumi na kimoja na hujafunua karatasi."

Redio akaishika kona ya karatasi.

"Kwako wewe ukurasa mmoja ni vifungo vitatu. Ukiwa na mafua, vinne. Nimekuhesabu miaka yote hiyo. Sasa nisomee kilichoandikwa."

"Shangazi, hakifai."

"Nimekuuliza kama kinafaa? Kesho kutwa napanda basi. Mimi si mtoto, mwanangu. Kama Marehemu kaharibikiwa, nataka niwepo."

Redio akasoma. Alisoma pacha, akasoma kupoteza kumbukumbu, akasoma harusi ya ukurasa mmoja na nusu na mwanamume akifungua hoteli ya vyumba kumi. Kifungo hakikutajwa popote. Kurasa mia na kumi na mbili, hata mara moja.

Alipofunga kitabu, Shangazi aliichomeka sindano begani mwa gauni lake kama alivyofanya karakanani siku zote, akakaa.

"Hakufa," akasema.

"Hakufa, Shangazi."

"Sasa sisi tulikuwa tunamlilia nani?"

Redio anasimulia kwamba hapo alianza kulia, na Shangazi akaanza kucheka, wakabadilishana, mwisho hawakujua nani analia na nani anacheka. Walimsema mwandishi kuanzia unyayo hadi utosi. Shangazi alisema fundi akikuletea shati la namna hiyo, mkono mmoja mrefu na kola ya kaptula, unamrudishia na hela unadai. Mwenye duka la vyuma alikuja kugonga kuuliza kama kuna usalama.

Ghadhabu ilipotulia, Shangazi aliuliza kitu kimoja.

"Na ule mwisho wako ulikuwa unakwenda wapi?"

Redio aliona haya. Alisema hajui, alikuwa anabuni tu, alifika jukwaani akakwama.

"Usinidanganye tena," Shangazi akamwambia. "Kaufikirie."

Jumatatu basi liliondoka. Redio alimpandisha huku mtoto wa Shangazi akipakia mizigo, akamfunga mkanda, akamwekea kopo lake la vifungo mapajani. Anasema alirudi karakanani akakuta mashine ya tatu inacheza kama kawaida, na kitabu cha saba kilikuwa kwenye mkoba. Hakufikiria mara mbili.

Wiki moja baadaye ndipo wazo la simu likamjia. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika na mashine hazijaanza, anajirekodi akisoma dakika ishirini na kumtumia Shangazi. Ameanza upya kutoka cha kwanza, na sasa yuko katikati ya cha tatu. Mke wa mtoto wa Shangazi ndiye anayemfungulia simu.

Kabla sijaondoka linaingia jibu. Redio anaongeza sauti, na karakana yote inajaa sauti nzito ya mwanamke aliyeamka vizuri.

"Redio, jana umesoma mbio, vifungo viwili kwa ukurasa, unakimbizwa na nani? Halafu huyu mkwe wangu kaunguza mboga kwa ajili ya Marehemu. Mume wake kanuna. Endelea."

Redio anacheka mpaka miwani inateleza. Mlangoni wamesimama mafundi wawili wa mashine za mbele, mikoba begani, waya za masikioni zimening'inia shingoni. Hawakuambiwa waje mapema. Mmoja anauliza kama mvua ya jana kitabuni imekatika au bado. Anajibiwa asubiri kesho, kuchungulia mbele ni marufuku.

Kisha Redio anafungua mtoto wa meza na kutoa daftari la vipimo. Mbele limejaa vifua na viuno vya watoto wa shule tatu. Analigeuza. Kwa nyuma, kwa kalamu ya risasi, kuna mwandiko wake uliobanana, umefutwa na kurudiwa, kurasa tisa. Binti yuko jukwaani. Treni imesimama. Kwenye ukurasa wa tisa, binti ametoa sindano na uzi.

Atakapomaliza cha sita, karibu na mwisho wa mwaka kwa hesabu zake, hatatuma chochote kwenye simu. Ameshaomba ruhusa ya siku saba kwa mwenye karakana, akakubaliwa baada ya kununiwa kidogo. Daftari atalipeleka mwenyewe, siku mbili za basi, akae mbele ya Shangazi kama zamani.

"Nitabeba na shati lisilo na vifungo, nimpe awe anapiga," anasema, akilirudisha daftari mahali pake na kuvuta kitambaa cha kwanza cha siku. "Ahesabu anavyotaka. Safari hii karatasi atazisikia."