Mkono Ulionigomea Nusu Fainali

Mkono wangu uliwahi kunigomea hadharani, mchana kweupe, watu wakinitazama.

Msiseme natia chumvi. Walioshuhudia wapo, na wengine wananicheka mpaka leo.

Ilikuwa nusu fainali. Gemu ya kompyuta ya kupigana risasi, timu mbili, watu watano watano. Upande wetu nimebaki peke yangu. Upande wao kabaki mmoja, na nimemkuta amenipa mgongo.

Hapo hata shangazi yangu, ambaye akisikia neno mausi anauliza ni panya gani, angemwangusha.

"Kucha! Maliza!" Kapteni akapiga kelele.

Nikataka kuzungusha mausi. Kidole cha mwisho na jirani yake vikawa kama si vyangu. Ganzi tupu! Mkono ukateleza, ukaniangukia mapajani kama kitambaa kibichi.

Yule jamaa akageuka. Akaniona. Akanilaza chini taratibu, wala hakuwa na haraka.

Ukumbi mzima: "Aaaaah!"

Hilo jina la Kucha nililipata kwa ushikaji wangu. Mausi nilikuwa naikamata kwa ncha za vidole, nimevikunja kama paka anayetaka kumparua mtu. Kiwiko nimekichomeka kwenye ukingo wa meza, bega limepanda hadi sikioni. Nikajiona mkali kweli.

Mausi yenyewe kubwa kama kiatu. Niliinunua kwa sababu Kapteni anatumia ya aina hiyo. Sasa Kapteni ana viganja kama sahani. Mimi glovu za watoto zinanitosha.

Ongeza na kazi. Kutwa niko duka la uchapaji, napanga kadi za harusi kwenye kompyuta. Nikitoka, ukumbini. Mkono haukujua likizo.

Dalili zilikuwepo, tusidanganyane. Kikombe kinaniponyoka. Kifuniko cha chupa kinanishinda, nasingizia chupa.

Kapteni hakunigombeza. Bora angenigombeza.

"Pumzika kwanza, dada," alisema huku anakunja waya wa kibodi yake. "Pilipili atatoka benchi, ashike nafasi yako kwenye mechi zinazokuja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mkono urudi."

"Na usiporudi?"

Akavaa begi, akaondoka.

Nikaenda kwa daktari. Akanigonga kiwiko kwa kidole, upande wa ndani. Niliruka!

"Hapa panapita mshipa wa fahamu," akasema. "Unaukandamiza. Ukiwa kwenye kompyuta unaegemea wapi?"

Nikatazama dirishani.

Akaniambia nipumzishe mkono, niache kuegemea vitu vigumu, na ganzi ikizidi nirudi haraka. Maneno mazuri kabisa. Nikapumzika, ganzi ikapungua, nikarudi ukumbini kujinoa peke yangu, siku ambazo timu haipo.

Kwenye kiti kilekile. Kwa mkao uleule. Akili zangu hizo, mnisamehe.

Siku hiyo ndipo alipokuja kukaa pembeni yangu mama mmoja wa makamo. Gauni limenyooka, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Katikati ya vijana wenye kofia za kinyumenyume, alionekana kama mgeni rasmi aliyekosea mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nielekeze, humu ndani mtu anatembeaje?"

Nikachungulia skrini yake. Mtu wake alikuwa anaparamia ukuta. Akauawa. Akafufuka. Akaenda kuparamia ukuta mwingine.

Nilicheka hadi nikaona aibu.

Lakini mkao wake, aisee! Mgongo umetulia, mabega yameshuka, mkono umelala mezani kama uko nyumbani kwao. Anapigwa kila dakika na hana hata tone la jasho.

"Wewe unacheza vizuri," akaniambia bila kugeuka. "Ila unaikaba."

"Naikaba nini?"

"Hiyo mausi. Imekukosea nini?"

Nikavitazama vidole vyangu, vimekunjwa vilevile.

Kumbe ni mwalimu wa piano. Akaniambia wanafunzi wake wakilalamika mikono, kitu cha kwanza anachotazama ni kiti.

"Tubadilishane," akasema. "Wewe unifundishe kupiga, mimi nikufundishe kukaa."

Nikaona sina cha kupoteza.

Akapandisha kiti changu mpaka kiwiko kikawa sawa na meza. Miguu ikaning'inia, akaisogezea boksi la kukanyagia. Kibodi akaisukuma kushoto, mkono wa kulia ukapata uwanja.

"Laza nyama ya mkono mezani, siyo ncha ya kiwiko. Kifundo cha mkono kinyooke. Usikipinde juu, usikipinde pembeni."

Kisha akaenda kaunta, akarudi na mausi ndogo ya kuazima. Kiganja changu kikailalia yote. Nilishangaa, sikujua mausi inaweza kukaa mkononi bila vita.

"Ishike kama kifaranga," akasema. "Asikuponyoke, wala usimuue."

Halafu akanitia wazimu: akataka nipunguze kasi ya mausi.

"Mama, nitachelewa!"

"Unatumia kifundo kwa kila kitu. Safari ndefu itoke begani na kwenye kiwiko. Kifundo kiachie zile za kwenda dukani."

Mwanzoni nilicheza vibaya mno. Wapinzani nawapita kama gari lililokatika breki. Nikitaka kurudisha kucha zangu, Mwalimu anakohoa tu, navikunjua vidole. Kila raundi ikiisha ananilazimisha nishushe mikono, nisimame, nitembee hadi mlangoni.

Polepole mkono ukaanza kunirudia. Kikombe kikakaa. Usingizi ukawa hauna ganzi.

Naye akaacha kuparamia kuta. Tatizo lake likabaki moja: hapigi mtu aliyelala.

"Si ameshaanguka huyu?"

"Mama, huyo anajifanya!"

"Hata kama."

Puu! Anauawa yeye.

Nilipojiona niko sawa nikamfuata Kapteni. Akanitazama, akasema, "Tucheze wawili kwa wawili. Mimi na Pilipili, wewe na yeyote umtakaye. Ukishinda, nafasi yako hiyo."

Nikampelekea Mwalimu habari, nikidhani atanishauri nimtafute nani.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Nitacheza mimi."

"Mama, Kapteni ni moto wa kuotea mbali."

"Najua. Mechi zake huwa nazitazama mtandaoni. Zote."

Nikajua tu ni shabiki.

Siku ikafika. Kapteni na Pilipili wakakaa chumba cha juu, sisi tukakaa chini. Hatuonani, tunasikiana kwenye hedifoni.

"Huyo mwenzako nani?" Kapteni akauliza.

"Mgeni," nikajibu. Mwalimu alizima maikrofoni yake.

Tulichapwa raundi za mwanzo. Tukarudisha. Mkono wangu, jamani, ulikuwa umetulia kama hauhusiki. Mpaka zikalingana, ikabaki raundi ya kuamua.

Pilipili akamwangusha Mwalimu. Nikamwangusha Pilipili. Nikabaki na Kapteni, kajificha sijui wapi.

Mwalimu akaninong'oneza, "Kaa kushoto. Akibanwa hukimbilia kushoto."

"Umejuaje?"

"Kaa kushoto, mwanangu."

Nikakaa. Kapteni akatokea mzimamzima mbele yangu.

Nikammaliza.

Ukumbi ulilipuka! Kapteni akashuka ngazi mbio, anacheka, mkono ameshautanguliza. "Nani huyo aliyenisoma hivi? Nimpe heshima ya—"

Akasimama. Kicheko kikamkauka.

"Mama?"

Mimi: "Mama nani?"

Mwalimu alikuwa bado amekaa wima vilevile, ila safari hii yeye ndiye ameikaba mausi.

"Simu zangu hupokei," akamwambia. "Nikaona nije unakopatikana."

Ukumbi mzima ukavua hedifoni.

Ndipo nikajua. Kapteni alilelewa kwenye kiti cha piano. Alipoiacha kwa ajili ya gemu walirushiana maneno mazito, akahama nyumbani, tangu hapo kila mmoja anamsubiri mwenzake aombe radhi.

"Umekuja kunirudisha kwenye piano?" Kapteni akauliza.

"Piano ina wanafunzi wengine. Nimekuja kwa ajili ya mkono wako."

"Mkono wangu una nini?"

"Kamera zinaonyesha, raundi ikiisha unauficha chini ya meza, unaukung'uta. Wenzako wanatazama risasi, mimi natazama mikono. Una ganzi. Thubutu kuniambia huna."

Kapteni akamtazama Pilipili aliyemfuata ngazini, akanitazama mimi, akaishia kutazama viatu vyake.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla yako," akasema. "Niliogopa mtaniweka benchi. Kama nilivyokuweka wewe."

Nilitakiwa nikasirike. Nilijiandaa kabisa kukasirika. Kisha jambo lingine likanijia kichwani, nikamgeukia Mwalimu.

"Kwa hiyo, mama, mimi nilikuwa mazoezi?"

Hakuona haya hata kidogo. "Nilitaka kuhakikisha ninachokijua cha piano kinafaa kwenye haya mambo yenu, kabla sijamgusa mwanangu. Na wewe, binti, ulikuwa umekaa vibaya kuliko wote."

Watu walivunjika mbavu! Hata Kapteni alicheka, huku anajifuta macho kwa kiwiko.

Mwalimu akamvutia kiti. Akakipandisha. Akamwekea kiganja begani, akalishusha bega lile polepole, na lile jitu lenye viganja kama sahani likafumba macho kama mtoto anayenyolewa.

Siku hizi Kapteni anapumzika kwa amri ya daktari, nafasi yake anacheza Pilipili, na mimi nimerudi kwenye yangu. Mwalimu ndiye kocha wetu.

Nimejifunza nini? Ganzi siyo ushujaa. Pandisha kiti, shusha bega, tafuta mausi inayolingana na mkono wako, na mkono ukiendelea kufa ganzi nenda hospitali, usiufiche chini ya meza.

Na kama kuna simu ya mama unaikwepa, ipokee leo. La sivyo atajifunza gemu, aje akufunge mbele ya marafiki zako.